Elimu wanayo, nauli hawana

Kaa kikao chochote cha UKIMWI, kiwe cha kata au cha mkoa, kisha subiri muda wa maoni. Hazipiti dakika kumi kabla mtu hajasimama, akashukuru kwa kupewa nafasi, na kusema: "Mimi naomba tu elimu itolewe zaidi kwa vijana wetu." Vichwa vinatikiswa, katibu anaandika, chai inaingia. Nimekaa vikao hivyo mara nyingi kiasi kwamba nikitazama meza nzima naweza kukisia ni nani ataisema. Hoja yenyewe haina ubaya. Ila tulishaipima, hapahapa Tanzania, na majibu tunayo siku nyingi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulianza mradi katika vijiji vya Mwanza ulioitwa MEMA kwa Vijana. Jamii 20 zilichukuliwa, nusu zikapewa mradi, nusu zikaachwa kama zilivyokuwa. Kule ulikoingia, walimu wa darasa la tano hadi la saba walifunzwa kuzungumza na watoto kuhusu ujinsia, wahudumu wa zahanati wakafunzwa kumpokea kijana bila kumkaripia, na kondomu zikapelekwa karibu. Vijana 9,645 walifuatiliwa. Ulipofika wakati wa tathmini ilionekana wamejifunza kweli, tena walijibu maswali vizuri kuliko wenzao. Damu ndiyo iliyogoma, maana maambukizi ya VVU hayakupungua. Watafiti walirudi mwaka 2007 na 2008 wakapima vijana zaidi ya 13,000 wa jamii zilezile, na hadithi ikawa ileile. Maarifa yalikuwa bado kichwani, na virusi vilikuwa bado vinapita njia yao.

Nausifu mradi ule. Haukuwa wa fulana na kofia na posho ya kikao. Ulifanywa kwa uangalifu kuliko mingi tuliyoiona baadaye, na ndiyo sababu matokeo yake yanauma. Kama elimu iliyotolewa vizuri namna ile haikutosha, hii yetu ya kubandika bango kwenye ukuta wa zahanati itatosha vipi?

Mchukue binti wa kidato cha pili wa kijiji chochote cha Muleba, umwulize VVU vinaambukizwaje. Atakutajia kujamiiana bila kinga, wembe na sindano, mama kwenda kwa mtoto, na kama alimsikiliza mwalimu wa baiolojia atakuongezea na damu isiyopimwa. Anajua. Sasa mfuate saa kumi jioni akitoka shule. Nyumbani ni kilomita sita, mawingu yamekaa vibaya, jana alichelewa akachapwa. Bodaboda inasimama. Siku ya kwanza lifti ni bure, ya pili vilevile. Wiki inayofuata wanasimama kwenye kibanda, anatoka na chipsi mayai kwenye mfuko mweusi. Mwezi haujaisha ana simu ndogo ambayo bibi yake hajui imetoka wapi. Katika safari nzima hiyo sioni mahali ambapo somo la njia za maambukizi lingeingia. Hesabu anayopiga binti ni ya kilomita, na kijana wa pikipiki anazijua kilomita hizo kuliko Afisa Elimu.

Takwimu zinasema jambo hilohilo kwa lugha yake. Utafiti wa kitaifa wa 2016-17 ulikuta kati ya wasichana wa miaka 15 hadi 24 asilimia 2.1 wana VVU, na kati ya wavulana wa umri huo asilimia 0.6. Ukiona pengo kama hilo, huna haja ya kuwa mtaalamu wa takwimu. Wavulana wa darasani kwake hawawezi kuwa ndio chanzo kikuu, kwa sababu wengi wao hawana. Vinatoka kwa wanaume wakubwa zaidi, wenye pikipiki, duka, mshahara au cheo.

Kuna wakati tuliwahi kulisema hili bila kumung'unya maneno. Kampeni ya redio ya 2008 ilituletea Fataki, lile jibaba linalowinda wanafunzi na kila mara linaumbuliwa hadharani. Lile jina likaingia mtaani, likawa neno la Kiswahili kabisa, na konda angeweza kumpigia mtu kelele, "Mzee, acha ufataki!" na basi zima likacheka. Hadi leo naiona ile kuwa kampeni yetu yenye akili kuliko zote, kwa sababu iligeuza kidole. Badala ya kumwambia binti ajitunze, ilimwambia mtu mzima kwamba anaonekana.

Na utafiti uliwahi kuonyesha kwamba habari ya namna hiyo inafanya kazi. Magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa darasa la nane waliambiwa, katika kipindi cha dakika 40 tu, jinsi kiwango cha VVU kinavyopanda kwa wanaume kadiri umri unavyopanda. Mimba kwa mabinti wale zikapungua kwa asilimia 28. Mtaala rasmi wa kuwahimiza wasubiri mpaka ndoa haukupunguza mimba hizo. Kwa hiyo sisemi kwamba habari haina maana. Nasema binti ananufaika na habari anayoweza kuitumia leo jioni, kuhusu mtu anayemfahamu, na kwamba hata hiyo inafikia mwisho wake pale kilomita zinapokuwa sita na mfuko mtupu.

Hapo ndipo inabidi niende Kagera, na wengine mtaona kama nimebadili mada.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Watu waliuita ugonjwa Juliana, jina la mashati yaliyokuwa yakiuzwa na wafanyabiashara wa mpakani, kwa kuwa waliotangulia kuugua walikuwa haohao wenye fedha za magendo. Baada ya miaka michache haukuwa tena ugonjwa wa wenye mashati. Aliyepita vijiji vya Bukoba na Muleba miaka ile anakumbuka vibanja vilivyofungwa. Kwa Wahaya marehemu huzikwa kibanjani kwake, katikati ya migomba. Ukiona kibanja hakijapaliwa, majani makavu ya migomba yananing'inia hadi chini na matuta mapya mawili matatu yanachungulia, ulikuwa huulizi. Waliobaki ndani ya nyumba walikuwa bibi na wajukuu.

Kati ya 1991 na 1994 watafiti waliorodhesha kaya za mkoa ule, na mwaka 2004 wakarudi kuwatafuta watu walewale. Katika watoto zaidi ya 700 ambao mwanzoni wazazi wao wote wawili walikuwa hai, asilimia 19 walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote kabla ya kutimiza miaka 15. Watafiti walitaka kujua kifo kile kilichukua nini kwao moja kwa moja, kitu ambacho muda haukurudisha. Kwa waliofiwa na mama, jibu lilikuwa sentimita mbili za kimo na mwaka mmoja wa shule.

Nimekaa na jibu hilo muda mrefu. Sentimita mbili ni uji usionywewa, nyama isiyoonekana sahanini, usiku wa kulala na njaa kwa mjomba. Mwaka mmoja wa shule unaonekana kitu kidogo, hadi ukiangalia unavyofanya kazi dhidi ya virusi. Botswana ilibadili mfumo wake wa elimu mwaka 1996, na wanafunzi wengi wakajikuta wamebaki sekondari muda mrefu zaidi bila kupanga. Watafiti walipolinganisha waliotangulia na waliofuata, walikuta kila mwaka wa ziada wa sekondari uliteremsha maambukizi kutoka watu kama 25 katika kila 100 hadi kama 17. Mwaka mmoja tu, bila wimbo wala kaulimbiu.

Ukiweka Kagera na Botswana kwenye meza moja, unaona kosa letu. Tuna dawati la "kuzuia maambukizi kwa vijana" na dawati la "watoto walioathirika", kila moja na bajeti yake, afisa wake, gari lake, na siku yake ya kupiga picha. Mtoto aliyefiwa na mama anaandikwa kwenye dawati la pili, anapewa madaftari na blanketi. Akifika miaka 16 anahamishiwa la kwanza, anapewa semina. Katikati hapo amepoteza mwaka wa shule, na mwaka ule ndio uliokuwa kinga yake.

Kuhusu fedha, najua pingamizi litakalokuja: mkiwapa hela watanunua vocha. Huko Zomba, Malawi, familia za mabinti wa miaka 13 hadi 22 zilipewa kiasi kidogo kila mwezi, na mabinti wenyewe wakapewa chao kidogo. Baada ya miezi 18, kati ya waliokuwa shuleni mradi ulipoanza, wenye VVU walikuwa asilimia 1.2, na kwa wasiopewa asilimia 3.0. Walionunua vocha bila shaka walikuwapo, hata mimi nilipokuwa mwanafunzi hela ya daftari ilishawahi kuishia kwenye mandazi. Lakini binti mwenye nauli mfukoni ana uwezo wa kuiambia bodaboda, "Pita tu."

Wala fedha si dawa ya kila mahali. Jaribio la aina hiyo huko vijijini Afrika Kusini, lililolipa kwa sharti la kuhudhuria shule, halikupunguza maambukizi, na sababu yake inafundisha: karibu mabinti wote, waliolipwa na wasiolipwa, walikuwa tayari wanakwenda shule. Hela haikuwa na pengo la kuziba. Na Malawi kwenyewe, malipo yalipokoma, sehemu kubwa ya faida iliyeyuka kwa wale waliolipwa bila masharti. Nalisoma hivi: linalomkinga binti ni kubaki shule na kutomtegemea mwanaume kwa sabuni, na fedha ni njia tu ya kufika hapo kwa yule ambaye angekwama.

Kwetu anayekwama ni nani? Tangu Januari 2016 sekondari hadi kidato cha nne haina ada. Bila ada, jamani, si bila gharama. Kuna sare, mchango wa chakula, rimu ya karatasi, ndoo na fagio siku ya kuripoti, na nauli au godoro la hosteli. Mwenye wazazi wawili anaguna, analipa. Bibi wa miaka 70 anayelea wajukuu watatu kwa kuuza ndizi anachagua nani aendelee, na msidhani anachagua kwa ubaya. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo ilimwekea njia ya kutokea: binti wa miaka 15 aliweza kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, na kwa yatima ridhaa ikatoka kwa mlezi, yuleyule mwenye mzigo. Mahakama ya Rufani ilisema Oktoba 2019 kwamba hilo linakiuka Katiba.

Tumewahi pia kujaribu kuunganisha madawati. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ikishirikiana na UNICEF na TACAIDS, tume ya kudhibiti UKIMWI, ilianzisha Ujana Salama katika wilaya za Mufindi na Rungwe: vijana wa kaya zinazopokea ruzuku ya kaya maskini wakaongezewa mafunzo ya maisha na kazi, mtu mzima wa kuwasimamia, na njia ya kufika zahanati yenye huduma rafiki kwa vijana. Ruzuku kwa kaya, maarifa kwa kijana, mlango wazi zahanati. Ni Iringa na Mbeya, mikoa ambayo pamoja na Njombe inaongoza kwa VVU nchini, kwa hiyo mahali palichaguliwa vizuri. Wilaya mbili, katika nchi yenye halmashauri zaidi ya 180.

Bado sijamgusa mtoto anayeishi na virusi mwenyewe, na yeye ndiye anayenifanya nisikubali kabisa habari ya madawati mawili.

Alizaliwa navyo. Kama ana bahati alipimwa akiwa na wiki nne hadi sita kwa tone la damu kwenye karatasi maalumu, kwa sababu kipimo cha kawaida cha haraka hakifai kabla ya miezi 18, kinasoma kinga za mama zilizobaki mwilini mwake. Asiyetibiwa ana nafasi kama ya kurusha sarafu kufika miaka miwili. Februari 2023 mawaziri na wawakilishi wa nchi 12 za Afrika walikutana Dar es Salaam kuridhia azimio la kumaliza UKIMWI kwa watoto, na takwimu iliyokuwa mezani ilikuwa ya aibu: robo tatu ya watu wazima wenye VVU duniani walikuwa kwenye dawa, watoto nusu tu.

Tuseme alifika. Ana miaka 11, kila usiku saa tatu anameza kidonge, na ameambiwa ni cha kifua. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa umri wa shule ya msingi aambiwe hali yake, kidogokidogo kadiri anavyokua. Bibi hataki, maana akiambiwa atasema kwa wenzake, na kijiji hakina siri. Basi siku moja mtoto anaandika jina lililo kwenye kopo katika simu ya kaka yake, anasoma peke yake, nyuma ya nyumba. Mshauri mmoja wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, aliniambia kwamba wakija kuelezwa rasmi, wengi hukaa kimya, kisha wanasema, "Najua." Wanachouliza ni kwa nini walidanganywa.

Anafaulu, anapangiwa shule ya bweni. Kopo la vidonge linalia. Asiyewahi kulala bweni la watoto 60 hawezi kuelewa nini maana ya kopo linalolia saa tatu usiku baada ya taa kuzimwa. Kijana mmoja alinionyesha alivyokuwa akifanya: anajaza pamba juu ya vidonge hadi kopo linanyamaza, analiviringisha ndani ya soksi, soksi ndani ya tranka, tranka kwa kufuli, ufunguo shingoni. Kumeza alimeza chooni, bila maji. Muhula wa pili kukawa na msako wa simu, matranka yote yakafunguliwa uwanjani. Usiku ule ule alitupa kopo shimoni, akakaa miezi mitano bila dawa. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Aliogopa tu foleni ya matranka.

Sasa fikiria kijana yule ana miaka 17. Virusi vilivyokuwa vimefubaa vimeamka. Anayemeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono, jambo hilo limethibitika. Aliyeacha anaweza kumwambukiza. Kwa hiyo matroni anayekubali kutunza kopo lake ofisini bila maswali, na mwalimu anayempa ruhusa ya siku moja kwenda kliniki bila kutangaza mstarini, wanamlinda yeye na binti ambaye bado hawajakutana. Hiyo kazi utaiandika dawati gani?

Januari 2025 tuliona mgawanyo huu ukifikishwa mwisho wake. Marekani ilisimamisha misaada, kisha ikatoa msamaha kwa huduma za kuokoa maisha: dawa kwa walioambukizwa ziliruhusiwa kuendelea. Vidonge vya PrEP, vya kumkinga asiyeambukizwa, viliruhusiwa kwa wajawazito na wanaonyonyesha peke yao. Soma tena. Binti wa miaka 19 anayetaka kujikinga ilibidi kwanza apate mimba. Wakati huohuo sayansi ilikuwa imepiga hatua ambayo hatujawahi kuiona: katika majaribio yaliyofanywa Afrika Kusini na Uganda, yaliyotangazwa katikati ya 2024, sindano ya lenacapavir inayochomwa mara mbili kwa mwaka ilipewa wasichana na wanawake vijana 2,134, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Sindano haina kopo, hailii, haikai ndani ya tranka. Bajeti yetu ya 2025/26 ilileta tozo ambazo sehemu yake inakwenda kwenye mfuko wa UKIMWI, na hilo ni jema, ingawa najua zitakakoelekea kwanza: dawa za waliokwisha kuambukizwa, kwa sababu wao wana majina na tarehe za kliniki. Ambaye hajaambukizwa hana foleni ya kupanga.

Ila jina lake lipo mahali. Mwaka jana nilikaa nusu siku katika shule moja ya kata, sitaitaja, mwalimu wa darasa akanionyesha daftari la mahudhurio. Lilijazwa vizuri, mistari kwa rula. Katika jina moja alama za kuwepo zilianza kuruka Februari, Machi zikawa mbili kwa wiki, Aprili hakuna, na pembeni kwa kalamu nyekundu: mtoro. Mchana nilikwenda ofisi ya kijiji, mtendaji akanitolea daftari lake la watoto walio katika mazingira hatarishi. Jina lilelile, la binti wa kidato cha pili, mlezi bibi. Safu ya msaada ilisema: madaftari manne, kalamu mbili, Januari. Safu ya maelezo: amehudumiwa. Kutoka ofisi ile hadi shule ni kama dakika saba kwa miguu. Niliwauliza wote wawili, kwa wakati tofauti, kama wamewahi kuona daftari la mwenzake. Mtendaji alisema hajawahi kuombwa. Mwalimu alisema hakujua kwamba lipo.